Nilimpiga mwanafunzi wangu, bibi yake akaja kunishukuru

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule moja ya kata Moshi Vijijini, huku juu kwenye migomba. Nina miaka 27 na huu ni mwaka wangu wa pili tangu niajiriwe. Nimepanga chumba Pasua, kwa hiyo kila asubuhi napanda hiace hadi lami inapoishia, halafu bodaboda, na siku za matope namalizia kwa miguu. Sisemi haya ili nionewe huruma. Nataka ujue kwamba kazi hii naipenda. Nisingeipenda ningeiacha muhula wa kwanza.

Wiki tatu zilizopita nilimpiga mwanafunzi wa kidato cha pili B. Ni kijana wa miaka 15, mpole, anakaa dawati la pili kutoka nyuma, karibu na dirisha.

Asubuhi ile tulikuwa na kikao cha taaluma. Ulisomwa wastani wa kila somo, na Hisabati ya kidato cha pili ikawa ya mwisho, chini hata ya Fizikia. Mkuu wa shule akaniuliza mbele ya wenzangu wote: Novemba tunapeleka nini kwenye Upimaji wa Kitaifa? Sikuwa na jibu. Nikatoka kikaoni moja kwa moja hadi 2B, vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Nikaanza kukagua zoezi nililolitoa Ijumaa. Nilipofika kwa kijana yule nikachungulia daftari, nikaona hakuna jibu. Ilikuwa mara ya tatu. Nikamuuliza kwa nini, akanyamaza. Nikamuuliza tena, akatazama chini. Darasa lina wanafunzi 68, na wote walikuwa wananitazama mimi, hawamtazami yeye.

Nilianza na mikono. Kisha mgongo. Sikuhesabu. Niliacha fimbo ilipovunjika. Msichana mmoja wa mbele alikuwa ameziba masikio. Kijana hakulia, alisema "samahani mwalimu", akaketi. Mimi nikakusanya madaftari, nikageukia ubao, nikaendelea kufundisha. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko kipigo chenyewe: mkono wangu uliandika vizuri kabisa, wala haukutetemeka.

Kesho yake hakuja. Hakuja siku nne.

Jioni ya siku ya pili nilibaki ofisini nasahihisha, nikalifikia daftari lake. Zoezi lilikuwa swali moja la nadharia ya Pythagoras: ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta, chini yake kuko mita 3 kutoka ukutani, je, juu inafika kimo gani? Kitabu ni cha Kiingereza, na ile sehemu ya chini ya ngazi kimeiita "foot". Kijana alikuwa amelinakili swali mara tatu kwa mwandiko safi. Pembeni, kwa penseli, ameandika: futi 1 = inchi 12. Akajaribu kugeuza futi kuwa mita, akafuta, akajaribu tena, akafuta hadi karatasi ikatoboka. Hakuwa mvivu, Mwalimu. Alikesha na neno moja.

Jumatatu alirudi, na hakurudi peke yake. Alikuja na bibi yake, amejitwika mkungu wa mshare. Nikamwamkia, moyoni najua leo naaibishwa. Akaniambia: "Mwalimu, huyu nimekurudishia. Asante kwa kumwonya. Mama yake yuko Dar, mimi sina nguvu tena. Mpige tu, ilimradi asome." Akaweka ndizi chini, akaenda zake. Ofisini walifurahi. Mmoja alinipa mkono akasema, "Sasa umekuwa mwalimu." Ndizi zikagawanywa. Fungu langu sikulila; nilimpa mama mwenye nyumba.

Baadaye nilisikia kwa jirani yake wa dawati kwamba kijana anaamka saa kumi alfajiri, anakata majani ya ng'ombe, anateka maji, ndipo aje shule. Jioni hivyo hivyo. Umeme kwao haujafika.

Juzi nilimwita barazani nikamsomea swali la ngazi kwa Kiswahili. Hakuomba hata kalamu. Alisema, "Mita nne." Halafu akauliza kama anaruhusiwa kurudi darasani. Sasa kila zoezi anafanya. Ila nikipita karibu na dawati lake, mikono anaificha chini ya meza.

Nataka kumwomba radhi. Mwalimu wa nidhamu anasema mwalimu anayemwomba mwanafunzi msamaha amelipoteza darasa, na kwamba bibi ameshalimaliza jambo. Mkuu wa shule hajaniuliza kitu, na wenzangu wananiambia aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Na kuna hili la pili: rafiki yangu wa chuo anafanya kazi kwenye kampuni ya utalii Arusha, ananiita, nafasi ya ofisini ipo. Zamani ningemkatalia palepale. Sasa sijui. Mtu aliyefanya nilichofanya anafaa kusimama mbele ya watoto?

Mwalimu wa Hisabati, Moshi

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeitafuta sauti ya kijana ndani ya barua yako. Bibi amesema, mwalimu wa nidhamu amesema, rafiki wa Arusha amesema. Yeye ana maneno machache tu: samahani mwalimu, mita nne, naomba kurudi darasani. Wote wanaokushauri wanalizungumza jambo lake bila yeye. Kwa hiyo kabla ya kazi yako na kabla ya darasa lako, nataka tuanze na mikono yake.

Unaona anaificha, na umeona ni woga. Huenda ni woga. Lakini ulimpiga mikononi kwa fimbo iliyofika kuvunjika, na mfupa mdogo wa kidole unaweza kupasuka ukaunga vibaya huku mtoto akiendelea kuandika kwa kuvumilia. Mtoto anayekata majani saa kumi alfajiri amezoea kuvumilia. Tazama kama anakunja ngumi sawasawa, mikono yote miwili. Muulize mgongo unamuumaje akibeba mzigo. Kukiwa na chochote, aende kituo cha afya, bibi yake akijua, mkuu wa shule akijua, gharama juu yako. Mganga atauliza ameumiaje. Jibu wewe, kwa ukweli. Usimwachie mtoto kazi ya kusema alianguka.

Kisha ingia kwa mkuu wa shule. Unaambiwa usimwamshe aliyelala, lakini nani amelala hapo? Wanafunzi 68 waliona. Ofisi nzima ilikula ndizi. Aliyelala ni mkuu wa shule peke yake, kama kweli hajui, naye ndiye mwenye dhamana ya kila kiboko kinachotolewa katika shule hiyo.

Nadhani kanuni umezisikia chuoni, ila huenda hujawahi kuzisoma. Ni za mwaka 2002, Tangazo la Serikali namba 294. Viboko vinatolewa na mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Visizidi vinne. Viwe kwa kosa kubwa la utovu wa nidhamu, siyo kwa kukosa jibu la swali, na umri na afya ya mtoto vitazamwe kwanza. Msichana apigwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu: jina, kosa, idadi, aliyeitoa, na sahihi ya mkuu. Juu ya hizo kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, inayokataza adhabu inayopita kiasi kwa umri na hali ya mtoto. Ulichofanya wewe hakimo katika lolote kati ya hayo. Hukuteuliwa, hukuhesabu, hukuandika, na kosa lenyewe halikuwepo.

Nakuandikia hivi bila kulainisha kwa sababu wenzako wamelainisha mno. Mwaka 2018 mkoani Kagera mwanafunzi wa darasa la tano, aliyetuhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu, alifariki baada ya kupigwa shuleni. Machi 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu adhabu ya kifo. Nilikuwa nimeshastaafu, na nakumbuka nilizima redio nikakaa kimya jikoni, kwa sababu nilijua kuna siku za maisha yangu ambazo sikuhesabu.

Kwa mkuu usiende na porojo. Andika ukurasa mmoja: tarehe, kipindi, ulichofanya, siku ambazo mtoto hakuja, ulichokikuta kwenye daftari. Usiandike kikao cha taaluma kama sababu. Kilikuumiza, naamini, ila kijana hakuwepo kwenye kikao. Huenda ukapewa onyo. Huenda jambo likafika Tume ya Utumishi wa Walimu, na kama wewe ni mwanachama wa Chama cha Walimu Tanzania (CWT), mwone mwakilishi wa chama shuleni upate wa kukaa naye ukiitwa. Sikuahidi kwamba hutaadhibiwa. Ninachojua ni kwamba mwalimu aliyekwenda mwenyewe husikilizwa tofauti na aliyeletwa.

Sasa kuhusu kuomba radhi. Omba. Mwalimu wa nidhamu anakuambia utalipoteza darasa. Mimi nimefundisha sekondari miaka 31, mingi kati ya hiyo hapa Arusha, na darasa nililolipoteza nililipoteza kwa kudanganya. Watoto walijua sijui jibu, nikajifanya najua. Kwa kuomba radhi sijawahi kulipoteza, ingawa niliomba mara chache kuliko nilivyodaiwa. Hao 68 wanajua ulichofanya. Wanachosubiri kujua ni kama na wewe unajua.

Zungumza naye kwanza faragha, mwalimu wa malezi akiwepo, ili mtoto asijikute peke yake na mtu aliyempiga. Maneno yawe machache. Unaweza kusema: "Nilikupiga kwa kosa ambalo hukulifanya. Nimeona daftari lako, ulijaribu. Nilikosea, na sitakupiga tena." Ishia hapo. Usiseme "lakini". Usieleze ulivyokuwa umechoka. Usimuulize "umenisamehe?", maana mtoto wa miaka 15 mbele ya mwalimu atasema ndiyo, na ndiyo hiyo itakuwa mzigo mwingine umemtwisha. Wala usimnunulie kitu. Daftari jipya na kalamu vitamfanya aone deni limelipwa, na yeye hajaulizwa bei.

Kisha mbele ya 2B, kwa sababu kipigo kilikuwa mbele ya 2B. Mwambie kabla kwamba utasema, asishtukizwe. Akikuomba usimtaje, usimtaje, sema tu siku ile ulimpiga mwenzao bila haki. Nusu dakika inatosha, halafu fungua kitabu. Yule msichana aliyeziba masikio naye anahitaji kusikia.

Nina sababu ya kukusukuma. Miaka ya tisini nilimpiga msichana wa kidato cha tatu kwa kuchelewa. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anatoka wapi. Muhula haukuisha akaacha shule. Kwa sababu ile au nyingine, sijui, na sitajua. Miaka kumi na nane baadaye nilikuwa Soko la Kilombero natafuta parachichi, mama mmoja akaniita kutoka mezani kwake, "Shikamoo Mwalimu!" Nikamtambua kwa sauti. Alinipimia, akaongeza mawili juu. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, niliyabeba miaka yote hiyo. Nikashukuru kwa parachichi, nikaondoka. Wiki iliyofuata nikarudi kwa ajili yake, wenzake wakasema amehamia Babati. Wewe wako bado anakaa karibu na dirisha.

Bibi. Hapa nataka uwe mpole sana. Mwenzako anasema amelimaliza jambo. Hakulimaliza, aliogopa. Tazama alichoona yeye: mjukuu amerudi na alama mgongoni, siku nne hataki kwenda shule, mama yuko mbali, na shule ndiyo kitu pekee kinachoweza kumtoa kijana huyo kwenye kwato za ng'ombe. Akafikiri mkilaumiana mtoto atafukuzwa. Basi akakata mkungu wake mzuri, akapanda nao mlima. Ule mshare ulikuwa ombi. Na kusema "mpige tu" ni neno ambalo wazee wetu wengi waliambiwa ndilo neno la mzazi mwema, wakalishika. Usimsahihishe kwa kanuni za 2002.

Nenda kwake siku ya Jumapili mchana, wakishatoka ibadani. Usiende mikono mitupu, hiyo ni heshima ya mgeni tu, kilo ya sukari inatosha. Kaa, kunywa utakachopewa, kisha sema: "Bibi, mjukuu wako hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekosea. Na shule hafukuzwi." Hilo la mwisho ndilo atakalolala nalo usiku. Ukiwa hapo utaona kwa macho yako kazi aliyonayo kijana, na taa anayosomea. Hutaweza kukata majani badala yake. Lakini unaweza kuacha kumpa zoezi la nyumbani ambalo halina mahali pa kufanyiwa. Wape nusu ya zoezi ndani ya dakika 80 zile, ukiwa unapita kati ya madawati. Kitakachokwenda nyumbani kiwe maswali mawili.

Sasa tufike kwenye ngazi, maana hapo ndipo barua yako iliponishika.

Mtoto huyo ana hesabu kichwani. Tatu, nne, tano; hakuomba kalamu. Kilichomshinda ni mlango wa kuingilia. Alisoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Anajua kigawe kidogo cha shirika, anajua kipeuo cha pili, anajua namba tasa na mzingo. Kisha Januari moja tu vyote vikabadilishwa majina, na tangu siku hiyo kila mwalimu anadhani mwenzake amemwambia majina mapya. Kwa miaka mingi Hisabati ndilo somo linaloangusha watoto wengi zaidi kidato cha nne. Mwaka 2021 na 2022 aliyefaulu alikuwa takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano. Sisemi lugha ndiyo sababu yote. Vitabu havitoshi, walimu wa hisabati hawatoshi, madarasa yamejaa. Ila lugha ni sehemu ambayo wewe, peke yako, na chaki yako, unaweza kuigusa wiki hii.

Na ona jinsi ilivyokuwa karibu. Kiswahili nacho husema mguu wa meza, mguu wa kitanda. Ungemwambia neno lile hapa ni mguu wa ngazi, usiku ule angelala mapema.

Mtihani utakuja kwa Kiingereza, na hilo mimi na wewe hatuwezi kulibadilisha, kwa hiyo sikushauri ufundishe kwa Kiswahili ukaishia hapo. Utawapendeza leo, na Novemba watakutana na karatasi wasiyoifahamu. Nilichokuwa nafanya mimi ni hiki. Swali la maneno halianzi kwa hesabu. Mwanafunzi mmoja analisoma kwa Kiingereza kama lilivyo. Mwingine analisimulia kwa Kiswahili chake, kama anamweleza mdogo wake nyumbani. Wa tatu anachora. Wakikosea kusimulia, hapo ndipo unaona neno lililowakwaza, na huwezi kuliona kwa njia nyingine yoyote, kwa sababu anayekosa neno hunyamaza, na kimya chake ukikitazama ukiwa na hasira kinafanana kabisa na uvivu. Baada ya kuchora ndipo kalamu ishike hesabu. Na jibu la mwisho wanaliandika kwa sentensi ya Kiingereza, fupi, kila siku, mpaka mkono uzoee.

Maneno yenyewe si mengi. Ukipitia karatasi za upimaji za miaka iliyopita utaona maneno ya kuamrisha ni yale yale yanayojirudia: kokotoa, rahisisha, tafuta thamani, linganisha, onesha kwamba. Yaandike kwenye karatasi kubwa, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, na mfano mmoja kila neno. Kisha yale ya kawaida yanayobadilika maana, na hayo ni ya hatari zaidi kwa sababu mtoto anadhani anayajua. Waombe wao wakuletee. Kila Ijumaa, dakika tano, "neno gani lilikukwaza wiki hii?" Mwanzoni hawatasema. Anza wewe kwa kuwaambia neno lililokukwaza ulipokuwa kidato cha pili. Sidhani kama halikuwepo.

Kuhusu hasira yako. Fimbo isiingie tena nawe darasani, hata kwa kuonyeshea ubaoni. Ukitoka kwenye kikao kibaya, usiende darasani moja kwa moja. Simama barazani dakika mbili, nawa uso, watoto hawatapungukiwa. Na ile aibu ya wastani ipeleke inakostahili. Ukimaliza kuzungumza na mkuu jambo la kijana, siku nyingine rudi kwake na daftari lile lililotoboka, umwonyeshe kwa nini Hisabati ni ya mwisho. Mkuu akiona karatasi ile ataelewa kitu ambacho wastani hauwezi kumwambia. Muombe hata kipindi kimoja kwa wiki mshirikiane na mwalimu wa Kiingereza.

Arusha ipo, haiondoki. Sikukatazi. Kuna watu wazuri katika utalii na kuna walimu walioondoka wakapumua. Ila usiamue muhula huu, kwa sababu sasa hivi ungekuwa unaikimbia mikono iliyo chini ya meza, na ungeiona tena ukiwa umekaa ofisini na kompyuta yako. Subiri hadi Upimaji upite. Ikifika Desemba bado unataka kuondoka, niandikie tuzungumze mkataba, NSSF na mshahara wa miezi isiyo na wageni, nitakushauri kwa moyo mweupe.

Unaniuliza kama unafaa. Mwalimu asiyefaa angelisahihisha daftari lile kwa alama ya kosa akaliweka pembeni. Wewe uliliona tundu la ufutio ukakaa nalo. Hilo halikufutii ulichofanya, na sitaki ulitumie kujiliwaza. Linanitosha mimi kukuambia urudi 2B.

Mwone mkuu kabla ya kipindi chako kijacho. Mwone kijana. Kisha siku hiyo rudia swali la ngazi kwa darasa zima, maana sidhani ni yeye peke yake aliyegeuza futi. Muulize kwa upole kama angependa kuja kuichora ubaoni. Akikataa, usimbembeleze, chora wewe, andika mita nne, na uwaambie jibu hilo umelipata kwa mwenzao.